Saa ya shaba nyeusi: yangu imeota kijani, ya mwenzangu imekuwa kahawia. Mombasa ni hii hii, kwa nini?

#1 Mzamiaji wa Nyali

Wadau, salaam.

Mimi na jamaa yangu tulinunua saa za mbizi pamoja. Duka moja, siku moja, chapa moja (jina siliweki, sitaki kesi na mtu). Za Uswisi, otomatiki, za kuhimili kina cha mita 300, kesi (lile gamba la nje) ya shaba nyeusi, yaani bronze, mfuniko wa nyuma titaniamu. Kwa bei ile mtu angepata tuktuk, kwa hivyo msinicheke, nshachekwa nyumbani.

Tulijua zitabadilika rangi, ndiyo raha yake. Yake imekuwa vile tulivyoona kwenye picha: kahawia, rangi ya halua iliyokolea. Yangu imeota kijani, tena si kijani cha kupendeza. Ni unga. Umejikusanya pale masikio ya kesi yanaposhika mkanda, na chini ya ringi ya juu inayozunguka. Ukipitisha ukucha unamwagika. Ijumaa nimerudi msikitini mkono wa kanzu una mstari wa kijani, na sabuni haikuutoa.

Wote twazamia, tena mara nyingi pamoja, na yeye hana utunzaji wowote wa ajabu. Sasa tofauti imetoka wapi? Na kwa bahari yetu na joto hili, ningechukua titaniamu au seramiki? Ama chuma cha pua tu kama watu wengine?

#2 Bin Makadara

Feki. Uzi ufungwe.

#3 Bin Makadara

Haya, nieleze kidogo. Feki nyingi zinazoitwa shaba nyeusi ni shaba ya manjano, ile ya masinia na mabomba. Hiyo ina zinki ndani. Bahari inaila. Jamaa yako kapewa ya kweli, wewe ukapewa ile nyingine. Mwenye duka alikutazama usoni akajua.

#4 Gati Namba Tano

@Bin Makadara punguza kasi. Shaba ya manjano ikishambuliwa na maji ya bahari haianzi na unga wa kijani peke yake. Zinki ndiyo hutoka, inabaki shaba tupu: madoa ya waridi, na chuma chenyewe kinakuwa legevu, kinamegeka. Nimefanya kazi ya ukarabati wa meli hapa Kilindini miaka mingi, nimeona vali za shaba ya manjano ukizigonga kwa nyundo zinavunjika. Mwenye uzi, una waridi popote?

La pili, "shaba nyeusi" si kitu kimoja. Kuna ya shaba na bati, hiyo huandikwa CuSn8, yaani bati ni kama asilimia 8. Panerai walipotoa Bronzo yao 2011, saa ya milimita 47 iliyoanzisha wazimu huu wote, walitumia hiyo. Kuna na ya shaba na alumini, ndiyo Tudor walitumia kwenye Black Bay Bronze ya 2016. Hii ya alumini ni jamaa wa karibu wa chuma cha rafadha za meli. Alumini hutengeneza ngozi nyembamba juu yake, kwa hivyo hubadilika polepole na kwa usawa. Ya bati ina hasira, yaweza kwenda kijani haraka. Angalia kitabu chako kinasema nini.

#5 Mzamiaji wa Nyali

Waridi hakuna. Kitabu chasema CuSn8, na cha mwenzangu kinasema hivyo hivyo. Ahsante mkuu, lakini hapo bado hatujatoka.

#6 Mtoto wa Tudor

Nilidhani Tudor ni mtaa wetu tu hapa, kumbe kuna na saa. Nitawadai.

Mwenzako anakaa wapi? Wewe umesema Nyali. Hewa ya Nyali ni upepo wa bahari moja kwa moja, hata grili za madirisha zaoza.

#7 Mzamiaji wa Nyali

Anakaa Mikindani, nyuma kabisa, karibu na mikoko.

#8 Ticha wa Kemia

Basi jibu limejileta lenyewe. Shaba ikikaa hewani kwanza huvaa oksaidi, wekundu wa kahawia. Baada ya hapo inategemea imekutana na nani. Ikikutana na kloraidi, yaani chumvi, na unyevu, inakwenda kijani. Ikikutana na salfa inakwenda kahawia nzito hadi nyeusi. Na matope ya mikoko maji yakikupwa yananuka nini? Mayai viza. Hiyo ndiyo haidrojeni salfaidi. Jamaa yako saa yake inavuta ile hewa usiku kucha, imevaa koti la salfaidi kabla chumvi haijafika.

Wapenzi wa saa za shaba Ulaya hufanya makusudi: wanafungia saa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na yai lililochemshwa, kiini kinatoa salfa, asubuhi saa imekuwa kahawia. Mwenzako amepata bure.

#9 Mtoto wa Tudor

Ticha, kwa hivyo harufu ya Mikindani ni huduma.

#10 Fundi Saa

Nawasoma. Mimi nafungua hizi saa mezani, nitasema nionavyo. Bahari mnaipa lawama nyingi mno. Mtu anaingia baharini saa moja, anatoka. Jasho anakaa nalo mchana mzima. Jasho lina chumvi na lina asidi, na kila mtu na lake. Nina mteja akivaa saa ya chuma cha pua mwezi tu, chini ya masikio kunatoka vishimo, mke wake akiivaa hiyo hiyo haina neno. Ndiyo maana kampuni zenyewe huweka mfuniko wa nyuma wa titaniamu au chuma cha pua kwenye saa ya shaba, ili mkono usigeuke kijani. Wanajua ngozi ya mtu.

Mwenye uzi, wewe ni mtu wa jasho jingi?

#11 Mzamiaji wa Nyali

Fundi, hilo ni swali la kuulizwa mtu wa Mombasa mwezi wa pili?

#12 Mama Zahra

Jamani wanaume, mnafanya kikao kwa kutu. Chukua ndimu, kata nusu, tia chumvi, sugua. Ama ukwaju, roweka kidogo, paka, acha, suuza. Masinia ya bibi yangu na njumu za mlango tulisafisha hivyo kila Ramadhani ikikaribia na ziling'aa.

#13 Fundi Saa

Mama Zahra heshima yako, lakini sinia halina mashine ndani. Asidi ya ndimu itatoa kijani kweli, na chumvi uliyoongeza itaingia chini ya ringi na kwenye uzi wa kifungo cha ufunguo (kile cha pembeni cha kurekebishia saa), ibaki hapo. Umesafisha ya leo, umepanda ya wiki ijayo. Akitaka kusafisha atumie brashi laini ya mswaki, maji matamu na sabuni ya vyombo, kifungo kimefungwa hadi mwisho. Ndimu kama ni lazima, kwa pamba, bila chumvi, na aisuuze mara nyingi.

#14 Mama Zahra

Sawa fundi. Lakini masinia yapo hadi leo, saa zenu sijui.

#15 Mstaafu wa Mtongwe

Habari za jioni vijana. Nilizamia kikazi kabla hamjazaliwa baadhi yenu. Nauliza swali moja tu ambalo hakuna aliyeuliza. Ukitoka baharini unaosha saa?

#16 Mzamiaji wa Nyali

Kila mara, mzee wangu. Nikifika nyumbani naiweka kwenye beseni. Mwenzangu haoshi kabisa, ndiyo maana nashangaa zaidi.

#17 Mstaafu wa Mtongwe

Kwa maji gani?

#18 Mzamiaji wa Nyali

Ya bomba. Yaani... kwetu bomba linatoka kwenye tangi, na tangi linajazwa na kisima cha ploti.

#19 Mtoto wa Tudor

Maji ya kisima! Nyali! Jamani huyu anatoa saa kwenye chumvi anaitia kwenye chumvi, halafu anaiacha ikauke polepole bafuni!

#20 Bin Makadara

Narudisha neno langu la feki. Saa ni ya kweli, mwenyewe ndiye...

#21 Mstaafu wa Mtongwe

Msimcheke, nusu ya Mombasa inaoga maji ya kisima na chai inapikwa kwa maji ya mkokoteni. Chumvi ikiwa maji haina shida sana. Chumvi iliyokauka chini ya ringi, hiyo ndiyo adui. Tuliletewa saa zimekwama ringi haizunguki, ukiifungua unakuta chumvi na mchanga vimeshikana vigumu. Chukua maji ya kununua, kikombe kimoja chatosha, zungusha ringi ndani ya maji, kausha kwa kitambaa.

#22 Ticha wa Kemia

Mzee wangu, nakubali kuhusu usafi lakini hesabu haikai. Maji mengi ya visima vyetu hayafikii chumvi ya bahari hata kidogo. Kama kisima kinaleta kijani, mwenzake asiyeosha kabisa na anayekausha maji ya bahari yenyewe mkononi angekuwa kijani mara nyingi zaidi. Narudi kwenye mikoko.

#23 Gati Namba Tano

Hapo Ticha ana hoja. Ila kuloweka ni tofauti na kulowa. Ukiloweka, maji yanaingia kwenye upenyo wa masikio na chini ya ringi, yanakaa siku mbili. Penye upenyo oksijeni ni chache, na kutu ya upenyo ina tabia zake. Mwenzake anatoka na maji juu juu, jua linayakausha njiani akiwa kwenye matatu.

#24 Ngomeni

Natia mguu. Nafanya kazi za kutunza vitu vya kale, na shaba iliyotoka baharini naijua kidogo. Kuna kitu watunzaji wanakiita ugonjwa wa shaba. Kloraidi zikishaingia ndani ya chuma, hazihitaji bahari tena. Unyevu wa hewa na oksijeni vinatosha: kloraidi ile inatoa asidi, asidi inakula shaba, inatengeneza kloraidi nyingine, mzunguko unaendelea wenyewe. Dalili yake ni unga wa kijani mpauko unaomwagika ukiugusa. Maneno ya mwenye uzi kwenye #1 ni hayo hayo.

Ile meli ya kivita ya Kireno Santo António de Tanná ilizama 1697 mbele ya Fort Jesus wakati ngome imezingirwa, ikachimbuliwa chini ya maji kuanzia 1977 hadi 1980. Vitu vya chuma na shaba vikitoka kwenye maji kama yale haviwekwi kwenye kabati siku hiyo hiyo. Vinaloweshwa kwanza kwenye maji yaliyotiwa dawa, maji yanabadilishwa tena na tena hadi kloraidi zitoke, na baadaye vinalindwa na unyevu. Na unyevu ndicho kitu ambacho Mombasa hatukosi.

#25 Gati Namba Tano

@Ngomeni nakuheshimu, lakini chombo kilichokaa chini karibu miaka 280 na saa iliyonunuliwa juzi ni mambo mawili. Kloraidi haiwezi kuzama ndani kiasi hicho kwa muda mfupi hivi. Hiki ni kijani cha juu juu.

#26 Ngomeni

Haihitaji miaka 280, vitundu vidogo tu vyatosha. Lakini sijaishika saa, siwezi kuapa. Aiweke kwenye kopo kavu na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, aone kama unga unasimama. Ukisimama, mimi niko karibu na ukweli.

#27 Dalali 254

Mnapoteza muda na shaba. Hiyo ni fasheni ya wazee wa Ulaya wanaotaka kuonekana mabaharia. Titaniamu ndiyo habari. Rolex ndio wa kwanza kuweka titaniamu kwenye saa ya mbizi, ile Deepsea Challenge, James Cameron, yule mwongozaji wa filamu, akaivaa mkononi hadi chini kabisa ya shimo la bahari la Mariana, kama mita 11,000. Ninazo mbili, inbox.

#28 Mdau wa Kigamboni

Mkuu #27, post moja makosa manne.

Rolex ndio wamechelewa. Citizen walitoa saa ya titaniamu 1970. Seiko 1975 wakatoa ya mbizi ya titaniamu, mita 600, baada ya mzamiaji mmoja wa Kure, Japani, kuwaandikia barua 1968 kulalamika kwamba saa hazihimili kazi yao. IWC na Porsche Design wakaja na Ocean 2000 mwaka 1982, mita 2,000. Rolex ya titaniamu ya kuuza imetoka Novemba 2022.

Cameron alishuka Machi 2012 na saa ya majaribio, nayo ilifungwa kwenye mkono wa mashine nje ya chombo. Mkononi mwake isingethibitisha chochote, ndani ya chombo hakuna mgandamizo. Na hiyo ya 2012 si hii ya dukani.

La nne, hizo mbili zako inbox tunazijua.

#29 Mtoto wa Tudor

Dar wameamka leo.

#30 Dalali 254

Sawa mdau, historia umesoma. Lakini titaniamu na bahari hazigombani, hilo utalikataa?

#31 Gati Namba Tano

Hilo halikataliki. Titaniamu maji ya bahari ya joto hili haiyajui kabisa, inajifunika oksaidi yake papo hapo hata ukiikwaruza. Uzito ni kama nusu ya chuma cha pua, 4.5 kwa 8 kwa kila sentimita ya ujazo, na haina nikeli ya kuwasha ngozi. Shida ziko kwingine. Titaniamu ya daraja la 2, waliyotumia Tudor kwenye Pelagos ya 2012, ni laini, inachukua mikwaruzo haraka. Daraja la 5, yenye alumini 6 na vanadiamu 4 kwa mia, ni ngumu zaidi, nayo ndiyo Rolex waliichukua 2022. Na skrubu ya titaniamu ndani ya titaniamu bila mafuta yaweza kushikana usiifungue tena. Muulize fundi.

#32 Fundi Saa

Nimeacha kushika kazi hizo bila mwenyewe kukubali kwanza kwamba uzi waweza kukatika. Sina zaidi.

#33 Kasa Mdogo

Mimi ni mwalimu wa mbizi Diani. Kuhusu seramiki: mteja wangu alikuwa na moja nyeusi, kesi yote seramiki, kitu kizuri, mwaka mzima hakuna mkwaruzo hata mmoja. Ile poda ya oksaidi ya zirkoniamu huchomwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400, inasinyaa, inatoka ngumu kuliko kisu chochote cha chuma. Basi siku hiyo anapanda ngazi ya boti, boti imeyumba, mkono umepigana na mtungi wa hewa. Sikio moja la kesi limeruka. Hatukulipata, limebaki chini na matumbawe. Chuma kingebonyea kidogo tu. Kibaya ni kwamba seramiki haichomelewi wala haisuguliwi, ni kununua kesi nzima.

Omega walitoa Planet Ocean ya seramiki ya kushuka mita 600 mwaka 2016, kwa hivyo mgandamizo si tatizo. Tatizo ni ngazi.

#34 Bin Makadara

Na ile ya nyuzi za kaboni? Nimeona Panerai ina michoro kama mbao.

#35 Kasa Mdogo

Hiyo ndiyo Carbotech, walianza 2015. Ni matabaka ya nyuzi za kaboni yamegandamizwa pamoja na plastiki ngumu, ndiyo maana kila moja ina mistari yake. Nyepesi mno, unasahau umevaa.

#36 Gati Namba Tano

Kaboni yenyewe haipati kutu, bali yaweza kumpa jirani. Kwenye boti za kaboni tunalijua: kaboni, chuma dhaifu na maji ya bahari, umetengeneza betri, na anayeliwa ni chuma. Ndiyo sababu vipande vya ndani na mfuniko kwenye saa za namna hiyo huwa titaniamu, hao wawili wanaelewana. Anayebadilisha skrubu akatia yoyote ya sokoni asije kulia hapa.

Na hili niliseme kwa mwenye uzi: kesi yako shaba, mfuniko titaniamu. Hapo kwenye mpaka napo kuna betri ndogo. Anayeliwa ni shaba. Umeangalia kama kijani ni kingi upande wa nyuma?

#37 Mzamiaji wa Nyali

Ni kingi upande wa nyuma kweli. Lakini mwenzangu naye ana titaniamu nyuma.

#38 Gati Namba Tano

Betri bila maji haifanyi kazi. Narudi kwenye beseni lako.

#39 Kibokoni Asilia

Wallahi nyinyi mna pesa. Mjomba aliniletea Seiko 5 kutoka Muscat, siku zimeandikwa Kiarabu, nimeoga nayo, nimevua nayo, chuma cha pua hicho hicho. Haina rangi ya halua wala ya mchicha.

#40 Mstaafu wa Mtongwe

@Kibokoni Seiko 5 nyingi si za mbizi, usishuke nayo. Kiwango cha saa ya mbizi ni ISO 6425: lazima ihimili angalau mita 100, na ijaribiwe kwa mgandamizo uliozidi kwa robo ule ulioandikwa. Ila kwa kuvua changu ufukweni, endelea.

Vijana wanaulizana mita 600, mita 11,000. Mzamiaji wa burudani mwisho wake ni mita 40. Mwaka 2019 gari lilipoanguka kwenye feri ya Likoni, Mwenyezi Mungu awarehemu, lilipatikana mita 58 chini, na kwa wazamiaji ile ilikuwa kazi nzito, mkondo mkali na giza. Mita 58. Rekodi ya watu kufanya kazi bahari wazi, wale Wafaransa wa kampuni ya Comex 1988, ni 534. Zaidi ya hapo saa inakwenda peke yake.

#41 Kibokoni Asilia

Amin. Ahsante mzee. Sishuki nayo.

#42 Dalali 254

Chuma cha pua nacho kina matabaka. Kile cha kawaida ni 316L. Rolex walianza 904L kwenye Sea-Dweller miaka ya themanini, kina kromiamu na nikeli zaidi, chumvi inakiogopa. Sinn wa Ujerumani wanatumia chuma cha nyambizi za jeshi lao kwenye U1. Safari hii nimesema kweli au Dar wana neno?

#43 Mdau wa Kigamboni

Safari hii umepita mkuu. Ongeza kwamba kuna saa za Sinn zenye kidonge ndani cha salfeti ya shaba kinachonyonya unyevu, kikishiba kinakuwa buluu iliyokolea unajua wakati wa kwenda kwa fundi. Kwa watu wa pwani mnaotoka juani mkaingia benki yenye kiyoyozi, kioo kikaota ukungu kwa ndani, hiyo ina maana kuliko kesi ya dhahabu.

#44 Bin Makadara

Ukisema dhahabu: Omega si walichanganya shaba na dhahabu?

#45 Mdau wa Kigamboni

Ndiyo, 2021, Seamaster 300. Dhahabu asilimia 37.5, iliyobaki shaba na fedha na paladiamu kidogo. Inakuwa na rangi ya shaba, inazeeka taratibu, kijani haioti. Hapo shida ya mwenye uzi ingeisha na pesa zake pia.

#46 Mtoto wa Tudor

Mimi nasubiri ya plastiki. Ulysse Nardin walionyesha saa ya mbizi ya nyavu kuukuu za uvuvi mwaka 2020. Lamu tulishaunda jahazi zima la plastiki, Flipflopi, 2018. Watupe sisi tuwaundie kesi.

#47 Mzamiaji wa Nyali

Wadau, mrejesho. Tulikubaliana tubadilishane saa. Yeye kavaa yangu Mikindani, mimi nimevaa yake Nyali, na nimeosha kwa maji ya dukani kama alivyosema mzee. Yangu nilisafisha kwanza kwa brashi na sabuni.

Yangu huko Mikindani: usoni imeanza kahawia, lakini kwenye masikio unga wa kijani umerudi palepale.

Yake hapa kwangu: bado kahawia, isipokuwa ukingo wa upande wa kifungo cha ufunguo kumetokea ka-kijani, kidogo kama punje ya mtama.

Semeni.

#48 Ticha wa Kemia

Uso kahawia Mikindani. Mikoko. Nimemaliza.

#49 Ngomeni

Unga umerudi palepale baada ya kusafishwa, mbali na bahari wazi, mbali na kisima. Kloraidi imo ndani. Nami nimemaliza.

#50 Fundi Saa

Na ka-kijani kwenye ile iliyokuwa safi kametokea upande wa kifungo cha ufunguo, panapogusa mkono kifundoni, kwenye jasho la nani? La Mzamiaji. Mimi wala sijaanza.

#51 Mstaafu wa Mtongwe

Hata maji ya dukani, ukiosha na usipokausha chini ya ringi ni kazi bure. Alikausha?

#52 Mzamiaji wa Nyali

Nilipangusa juu, mzee wangu.

#53 Gati Namba Tano

"Nilipangusa juu."

#54 Mama Zahra

Swali kutoka jikoni. Huyo mwenzako wa Mikindani anapaka nini mikononi? Mafuta ya nazi au losheni ya duka?

#55 Mzamiaji wa Nyali

Mafuta ya nazi, kila akitoka kuoga. Mkewe anakamua mwenyewe. Mimi napaka ile ya kuzuia jua, kwa sababu ya boti.

#56 Gati Namba Tano

Na hili hukulisema tangu post ya kwanza? Mafuta juu ya shaba ni kizuizi cha maji. Tulipaka grisi kwenye kila kitu melini kwa sababu hiyo hiyo.

#57 Ticha wa Kemia

Ngojeni kwanza. Mafuta ya nazi yakichacha yana asidi, na asidi ya mafuta na shaba hutoa kijani pia. Hiyo ingekwenda kinyume.

#58 Mama Zahra

Yakichacha, Ticha. Mkewe anakamua mwenyewe, ameambiwa. Hayachachi.

#59 Kasa Mdogo

Mimi nashuku hiyo losheni ya jua. Kwenye boti yetu mikanda ya mpira ya wateja inalainika, ringi zinanata. Mzamiaji, ina harufu gani, na unapaka kabla au baada ya kuvaa saa?

#60 Bin Makadara

Kabla hajajibu: fundi, kupima mgandamizo wa maji unafanya hapo kwako? Nina moja imefunguliwa betri mahali fulani, sasa kioo kina ukungu.

#61 Fundi Saa

Nina mashine ya hewa kavu, hadi bari 10 tu. Lete kabla ya adhuhuri, usiivae njiani, na usiiweke kwenye mchele.

#62 Mzamiaji wa Nyali

@Kasa Mdogo kabla, saa ikiwa mezani, halafu naivaa juu yake mikono ikiwa bado na unyevu. Chupa imeandikwa ina zinki oksaidi. Hilo lina maana?

#63 Bin Makadara

Zinki! Nilisema nini kwenye #3?